Kabla hujamfukuza mtu kwa kauli yake ya kisiasa

Mfanyakazi anaandika jambo la siasa Jumamosi usiku kwenye ukurasa wake wa Facebook. Jumapili asubuhi mtu mmoja anapiga skrinishoti, anaongeza jina la kampuni na namba ya simu ya ofisi, anairusha kwenye makundi ya WhatsApp. Kufika mchana simu ya meneja haitulii. Jumatatu saa tatu mfanyakazi anaambiwa arudishe kitambulisho na kompyuta. Katika hatua zote hizo hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: je, mtu huyu ameshindwa kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya?

Msimamo wa makala hii ni kwamba mwajiri hana haki ya kumwadhibu mtu kwa maoni yake ya kisiasa, hata yawe ya kuudhi namna gani. Anachoweza kukiadhibu ni madhara yaliyoifikia kazi, na madhara hayo ayathibitishe yeye mwenyewe, kwa ushahidi, kabla ya kutoa adhabu. Waajiri wengi watajibu kwamba ndivyo wanavyofanya. Mashauri yanaonyesha vingine: kelele huja kwanza, uamuzi hufuata saa chache baadaye, na madhara hutafutwa mwishoni ili barua ya kumwachisha mtu kazi ipate cha kuandikwa ndani yake.

Sheria za kazi zimelitazama jambo hili kwa miongo mingi. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unayataja maoni ya kisiasa katika orodha ileile yenye rangi, jinsi na dini: mtu asibaguliwe kazini kwa hayo. Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982 unakwenda mbele zaidi. Ibara ya 4 inataka sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, iwe uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji. Ibara ya 5 inasema maoni ya kisiasa hayawi sababu halali. Ibara ya 7 inakataza kumwachisha mtu kwa mwenendo wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Sheria za ajira za Afrika Kusini ya 1995, Tanzania ya 2004 na Kenya ya 2007 zote zimeyaweka maoni ya kisiasa miongoni mwa sababu zisizokubalika. Marekani ina njia yake, na wengi huichanganya: Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanaifunga serikali, hayaifungi kampuni binafsi. Mwalimu wa shule ya umma anaweza kuyategemea. Muuzaji wa duka la mtu binafsi hawezi, mpaka jimbo lake liwe limetunga sheria yake lenyewe, kama ilivyofanya California.

Mkataba ule wa 1958 una mlango mmoja ambao mwajiri mwenye hoja ya kweli anaweza kuupitia. Ibara ya 1 inasema si ubaguzi iwapo tofauti inatokana na masharti ya asili ya kazi yenyewe. Hapo ndipo penye uzito wote wa suala hili, na hapo ndipo panaporukwa mara nyingi.

Chukua sentensi moja: “Wakimbizi wote warudishwe kwao.” Ikiandikwa na mhasibu wa kiwanda cha saruji, mwajiri hana la kufanya. Vitabu vyake vya hesabu havijaguswa. Ikiandikwa na ofisa anayepokea na kuamua maombi ya hifadhi, hali inabadilika, kwa sababu kila aliyekataliwa na ofisa huyo atakuwa na hoja ya rufaa: aliyeniamulia alishaamua kabla hajalifungua faili langu. Hapo mwajiri anaweza kumhamishia dawati lisilotoa maamuzi, na kuyapitia upya maamuzi ya karibuni. Ikiandikwa na msemaji wa shirika linalowahudumia wakimbizi, kazi yenyewe imekufa, maana msemaji ameajiriwa kwa ajili ya kauli zake. Sentensi ni ileile, majibu ni matatu, na hakuna hata moja lililohitaji mwajiri aseme kama anaipenda au anaichukia.

Sasa sogeza maneno hatua moja. Muuguzi anaandika kwamba mkimbizi akifika wodini kwake atamwacha asubiri mpaka achoke. Hayo hayamo tena katika sera ya wakimbizi. Ni taarifa ya jinsi atakavyofanya kazi yake, na hospitali haina budi kumtoa zamu siku hiyohiyo wakati inachunguza. Vilevile vitisho, uchochezi wa vurugu, na matusi yaliyoelekezwa kwa mfanyakazi mwenzake anayetajwa kwa jina havigeuki kuwa maoni kwa sababu tu vimevalishwa shati la chama. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, unaolinda uhuru wa kujieleza katika ibara ya 19, unataka sheria ipige marufuku uchochezi wa chuki ya kitaifa, kirangi au kidini katika ibara ya 20. Lakini mwajiri asikimbilie huko haraka. Neno “uchochezi” ndilo linalotumika vibaya kuliko yote kwenye barua za nidhamu.

Mahakama zimekuwa zikiutafuta mstari huu kwa taabu. Mwaka 1981 karani katika ofisi ya konstebo wa kaunti moja huko Texas alisikia kwamba Rais Reagan amepigwa risasi. Akamwambia mwenzake kuwa wakijaribu tena, anatumaini watampata. Akafukuzwa. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Rankin dhidi ya McPherson la mwaka 1987, ilimpa haki karani kwa kura 5 dhidi ya 4. Maneno yalikuwa mabaya na hakuna jaji aliyeyasifu. Kilichomwokoa ni kazi yake: aliingiza taarifa kwenye kompyuta, hakubeba silaha, hakukutana na raia, na aliyasema faraghani. Ujerumani, mwalimu wa Kijerumani na Kifaransa alisimamishwa mwaka 1986 na kuachishwa kazi mwaka uliofuata kwa kuwa mwanachama hai wa chama cha kikomunisti. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mwaka 1995, katika shauri la Vogt, kwamba haki zake zilivunjwa. Hakukuwa na ushahidi kwamba aliwahi kuipenyeza itikadi yake kwa wanafunzi, na kumtoa kwenye shule za umma kulikuwa karibu sawa na kumnyang’anya taaluma. Kura zilikuwa 10 dhidi ya 9. Majaji wenye miezi ya kusoma majalada wanagawanyika namna hiyo. Ofisa rasilimali watu anayeamua kwa saa 24 ana kila sababu ya kupunguza kasi.

Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba jina la kampuni limechafuliwa. Hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ujumbe 300 kwenye ukurasa wa kampuni katika siku moja unatisha, lakini uchambue: wangapi ni wateja, wangapi wanaishi mahali kampuni inapofanya biashara, wangapi wamenakili maneno yaleyale? Hasira ya watu wasiokuwa wateja si hasara. Hasara ina karatasi: barua ya mteja anayevunja mkataba, oda iliyofutwa, mfadhili aliyesitisha fedha, zamu iliyokosa watu kwa sababu wenzake wamekataa kuingia naye. Kama hakuna karatasi hata moja, kilichopo ni hofu. Na hofu hupoa: kampuni nyingi zikivumilia wiki mbili hukuta waliopiga kelele wamehamia jambo jingine, huku aliyefukuzwa akiwa bado hana mshahara.

Shauri la Redfearn dhidi ya Uingereza linaonyesha hatari ya kuadhibu hofu. Dereva wa Bradford aliwabeba watu wenye ulemavu, wengi wao wenye asili ya Asia. Mwaka 2004 alichaguliwa diwani kwa tiketi ya chama cha British National Party, chama cha mrengo mkali wa kulia, akafukuzwa mwezi huohuo. Hakukuwa na malalamiko juu ya kazi yake, na msimamizi wake, naye wa asili ya Asia, alikuwa amempendekeza kama mfanyakazi wa daraja la kwanza. Hakuweza kulalamikia kuachishwa kwake, kwa kuwa hakuwa ametimiza mwaka mmoja kazini. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba sheria ya nchi yake ilishindwa kumlinda. Uingereza ikaubadilisha utaratibu mwaka 2013: anayeachishwa kazi kwa maoni au uanachama wa kisiasa hahitaji tena muda maalumu wa utumishi ili kufungua madai. Chama kile kilihubiri ubaguzi, na abiria walikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Mwajiri angeweza kuuliza abiria, kufuatilia safari, kumpa njia nyingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwisho wa ngazi.

Cheo nacho kinapima. Mkurugenzi akiandika, watu husikia kampuni ikisema. Mfanyakazi wa usafi akibonyeza “like”, hakuna anayesikia hivyo, lakini mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilibidi iamue shauri la mwanamke wa Uturuki, msafishaji wa mkataba katika wizara ya elimu, aliyefukuzwa bila fidia kwa kubonyeza kuzipenda posti za wengine. Mahakama iliona kwamba kubonyeza si sawa na kusambaza, na kwamba cheo chake hakikuwa na ushawishi wa kuivuruga kazi. Ukurasa kutaja mahali unapofanya kazi hakuugeuzi kuwa ubao wa matangazo wa mwajiri. Mahakama Kuu ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 2012 kuhusu mfanyakazi wa taasisi ya nyumba aliyeshushwa cheo na kukatwa asilimia 40 ya mshahara kwa kauli yake juu ya ndoa za jinsia moja kanisani. Alishinda, lakini kwa namna madai yake yalivyofunguliwa, fidia haikufika hata pauni 100.

Watumishi wa umma wana sharti la ziada la kutoegemea upande, na ni sharti la haki: jaji, msimamizi wa uchaguzi na mwanajeshi hawawezi kupiga kampeni hadharani wakabaki kuaminika. Ila sharti hilo linapotandazwa juu ya kila karani linakuwa kitu kingine. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Australia iliridhia kufukuzwa kwa mtumishi wa idara ya uhamiaji aliyekuwa akiikosoa idara yake na serikali kwenye Twitter kwa jina la kubuni, jumbe maelfu. Majaji wote walikubaliana na matokeo hayo. Kwangu mimi unavuka mpaka. Kama wasomaji hawakujua anayeandika ni nani, imani yao kwa idara haikuguswa na cheo chake, na anayeujua mfumo kwa ndani ndiye ambaye wananchi wanahitaji sana kumsikia.

Basi kauli imezuka na simu zinaita. Ifanyweje?

Siku ya kwanza ni ya kuhifadhi, haijawa ya kuamua. Pata kiungo cha posti yenyewe, usitegemee skrinishoti iliyoletwa na mlalamikaji, maana maneno hukatwa, tarehe hufichwa, na akaunti za kughushi ni nyingi. Hifadhi mjadala mzima ulio juu na chini yake, saa na tarehe, na nani angeweza kuiona: umma, marafiki, au kundi la watu kumi. Kama iko katika lugha ambayo waamuzi hawaijui vizuri, tafuta mtafsiri asiyehusika. Kejeli na methali hufa katika tafsiri ya mashine. Mwulize mfanyakazi kama akaunti ni yake. Kwa nje toa sentensi moja tu: kampuni inalifahamu jambo hili na inalishughulikia kwa utaratibu wake. Kosa linaloharibu mashauri mengi linatokea hapa, pale kampuni inapotangaza kwamba “mtu huyu si mmoja wetu tena” kabla ya kikao. Kikao kinachofuata kinakuwa maigizo, na tangazo lenyewe linakuwa kielelezo namba moja cha upande wa mfanyakazi.

Kusimamishwa kazi wakati wa uchunguzi kuwe na mshahara kamili, kwa muda uliotajwa, kwa sababu iliyoandikwa: usalama wa mtu, au hofu ya kuharibu ushahidi. Kusimamisha bila mshahara ni adhabu iliyotangulia hukumu.

Barua ya kujieleza itaje maneno yenyewe neno kwa neno, kanuni iliyovunjwa kwa namba, na madhara yanayodaiwa. “Umeiletea kampuni fedheha” haijibiki. Mpe muda wa kutosha kujibu. Saa 48 ni chache mno kwa mtu ambaye simu yake imejaa matusi na vitisho. Aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake. Kikao kisiongozwe na aliyepokea malalamiko, wala na mtu aliyekwisha kutoa maoni juu ya kauli hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Kisha mwenyekiti ajaribu kuigeuza siasa: je, angefikia adhabu hiyohiyo kama kauli ingetoka upande ule mwingine, kwa ukali uleule? Majalada ya miaka iliyopita yatamjibu. Aliyewaacha watano walioisifu serikali kwa matusi, akamfukuza wa sita aliyeikosoa kwa matusi, hatapona mbele ya msuluhishi yeyote makini.

Adhabu nayo ina ngazi, na kuondoa posti au kuongeza maelezo kwamba ni maoni binafsi huwa kunatosha mara nyingi kuliko wakubwa wanavyodhani. Kulazimisha kuomba radhi hadharani hakufai. Radhi ya kulazimishwa haimridhishi aliyeumizwa, na inamtaka mtu akane imani yake ili ale.

Mengi ya haya yangezuilika kwenye sera. Sera za kawaida zina kifungu kimoja kinachokataza “kauli zozote zisizofaa”, na hakuna anayejua maana yake mpaka siku ya kuadhibiwa. Andika kinachokatazwa: kuzungumza kwa niaba ya kampuni bila idhini; kutumia sare, gari, nembo au anwani ya barua pepe ya kazini katika siasa; kutoa siri za wateja; kumtisha au kumdhalilisha mfanyakazi mwenzako au mteja; kutangaza kwamba utawahudumia watu kwa upendeleo. Taja nafasi zenye masharti zaidi kwa majina ya vyeo, na sababu ya kila moja. Halafu andika pia kinacholindwa: uanachama wa chama, kugombea, kuandamana nje ya saa za kazi, kukosoa sera ya serikali au ya kampuni yenyewe, na kutoa taarifa za uovu. Sera isiyokuwa na sehemu hii ya pili ni rungu tu.

Wewe uliyepokea barua, usifute posti kwa hofu kabla hujahifadhi nakala kamili yenye mjadala wote. Ukifuta bila nakala, skrinishoti iliyokatwa ya adui yako ndiyo itakayobaki. Omba mashtaka kwa maandishi. Jibu kilichoandikwa tu, usifungue milango mingine. Usiandike chochote zaidi mtandaoni juu ya shauri lako. Usisaini barua ya kujiuzulu “kwa hiari” unayosogezewa mezani siku hiyo, hata ukiahidiwa barua nzuri ya utambulisho, kwa sababu aliyejiuzulu huwa na njia nyembamba sana ya kudai. Angalia na muda wa kufungua malalamiko. Katika nchi nyingi unahesabiwa kwa siku au wiki tangu kuachishwa kazi.

Adhabu inayonitia wasiwasi zaidi haina barua kabisa. Mkataba wa miezi 6 hauhuishwi. Mfanyakazi wa wakala anaambiwa tu asirudi. Zamu nzuri zinahama, jina linatoka kwenye orodha ya mafunzo. Mwajiri hatoi sababu, na sheria nyingi hazimlazimishi kutoa. Njia ya kulifichua ni kuweka tarehe sambamba: kauli ilitoka lini, nani aliiona, uamuzi ulifanyika lini, na wenzake wenye tathmini kama yake walitendewaje. Pengo likionekana, mzigo wa kueleza uhamie kwa mwajiri. Sheria zinazomwachia mfanyakazi peke yake mzigo wa kuthibitisha nia iliyofichwa kichwani mwa meneja hazimlindi.

Kwa mwajiri aliyeamua kutomfukuza mtu, kazi haijaisha. Wapo wenzake walioumizwa na kauli ile, na wengine ndio waliolengwa nayo. Kuambiwa “shauri limekwisha, rudini kazini” hakuwatoshi. Meneja azungumze nao mmoja mmoja ndani ya wiki ya kwanza, awaambie ni mwenendo gani hautavumiliwa kuanzia sasa na wampelekee nani malalamiko. Anayeomba kubadilishiwa zamu kwa muda apewe, bila yeyote kati yao kupoteza posho. Na kama onyo lilitolewa la miezi 6, liondolewe kwenye jalada siku linapoisha, maana likisomwa tena mwaka wa tatu, wakati wa kupandisha watu vyeo, linakuwa adhabu ambayo hakuna kikao kilichowahi kuitoa.